Barua kwa mwanangu: kwa nini siuachi ukili wangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Hapa Ngamiani hatujambo, alhamdulillah. Bibi yako amelala, nami nimekaa kukujibu lile uliloniuliza kwenye simu Jumanne, nikalikwepa kwa kusema tutaongea. Ulisema, "Mama, bibi anakutegemea kwa kila kitu. Kwa nini usiache mikeka na vikao vyako, ukapata hata nafasi ya kulala?" Najua umeuliza kwa huruma. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia.

Nikuhadithie siku ya jana tu, Alhamisi.

Niliamka saa kumi na nusu alfajiri nikamgeuza. Kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe, na usiku napokezana na mdogo wako. Nikamwangalia visigino, nyonga na chini ya kiuno, maana pale mfupa ulipo karibu na ngozi ndipo kidonda kinapoanzia. Nikamwogesha, nikampa vidonge vya presha. Uji wake naupika mzito, mwepesi humpalia. Namkalisha wima, kijiko kidogo, nangoja ameze ndipo nimpe kingine. Bakuli moja lilituchukua dakika 40, kisha akakaa nusu saa nyingine kabla sijamlaza. Ya kufua na kupika sikusimulii, hayo unayajua.

Saa tano nikatoa ukindu, yale majani ya kusukia mikeka. Niliuchemsha na rangi wiki iliyopita, na ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka, umeshafika pima 11. Nasuka nimekaa kando ya kitanda, na ile sehemu iliyokwisha namwekea bibi yako kifuani, anaipitisha kwenye vidole vya mkono wa kushoto, taratibu. Jana kidole gumba kikasimama. Kikarudi nyuma, kikasimama palepale. Nikainama kutazama: ukindu mmoja uliopaswa kupita chini nimeupitisha juu. Tangu augue hajatamka sentensi nzima, lakini aliugonga ule ukili kwa ukucha mara mbili, vilevile alivyokuwa akinigonga kiganja nilipokuwa na miaka minane nikijifunza. Nikafumua shibiri nzima. Unaniambia niache hicho?

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka jana alipopata kiharusi nilifanya hivyohivyo unavyonishauri. Miezi mitatu sikushika ukindu, kikoba chetu cha kuweka na kukopa sikwenda, misiba nikawa natuma salamu. Nilidhani ndiyo heshima ya mama. Siku moja mchana nimebadilisha shuka mara ya tatu, naye hataki kugeuka, nikamvuta mkono kwa hasira. Mkono wa kulia, ule uliokufa ganzi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameshanikataza kabisa: mkono ule usivutwe, bega halina tena misuli ya kulishikilia. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, machozi yakamtiririka mpaka sikioni, kwa kuwa alikuwa chali na hakuweza kuyafuta. Nikayafuta mimi. Usiku ule nilimwomba radhi mpaka adhana ya alfajiri.

Kesho yake jirani wa mlango wa pili akaingia, akanitazama usoni, akasema, "Bi mkubwa nakaa naye mimi. Wewe kaoge, uende kikoba." Tangu siku hiyo kila Alhamisi saa tisa anakuja na tasbihi yake, anakaa na bibi yako mpaka nirudi.

Na huko kikoba siendi kupoteza muda, mwanangu. Unalijua lile sanduku letu la kufuli tatu. Ufunguo mmoja siku hizi nimekabidhiwa mimi, nisipokwenda sanduku halifunguki, na wenzangu 24 wanarudi nyumbani bila mkopo. Mwalimu aliyetufundisha alituambia mtindo huu ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991. Huwa nawaza, hata wao walikuwa na wazazi wa kuuguza majumbani. Mwezi ule wa kwanza wa ugonjwa, mfuko wa jamii wa kikoba ulitupa shilingi 80,000, ndizo zilizonunua nepi na mpira wa kutandika kitandani. Nilikuwa nimewakimbia, wao hawakunikimbia.

Jana mwenzetu mmoja alisema mumewe ameacha vidonge vya presha kwa kuwa anajisikia mzima. Nikasimama palepale. Nikawaambia bibi yako naye aliacha hivyohivyo, kichwa kilikuwa hakimuumi, akasema za nini tena. Presha inaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma popote. Leo asubuhi mama huyo kanitumia ujumbe, wametoka kupima zahanati na mume amerudi kwenye dawa. Ningekaa ndani, hayo ningemwambia nani?

Jioni ilikuwa arobaini ya mzee wetu muuza kahawa. Nilikwenda saa moja tu, nikamenya vitunguu na wenzangu, tukamkumbuka, tukacheka na kulia. Nikarudi na sahani ya pilau. Bibi yako hawezi kuila, lakini nilimsogezea puani akanusa mdalasini, akatabasamu kwa ule upande mmoja wa uso. Nilipomgeuza saa tatu usiku nilikuwa nimechoka, kweli, ila mikono yangu ilikuwa laini kwake. Mwaka jana nilikuwa nikishinda ndani kutwa na mikono yenyewe ikawa migumu.

Hela ya msaidizi uliyosema, tuma, sikatai. Aje afue na kupika. Kumwogesha na kumlisha niachie mwenyewe. Na ukija likizo Desemba, nishikie zamu za usiku wiki moja. Nitakuonyesha namna ya kumgeuza kwa shuka bila kugusa lile bega.

Ukipita sokoni huko Dodoma niangalizie rangi ya zambarau ya ukindu, iliyo nzuri, hii ya hapa inachuja. Nimempa kijani bibi yako mara mbili, na mara zote mbili amekisukuma kando kwa ule mkono wa kushoto. Anataka zambarau.

Mama yako