Viazi vyako vinapumua, achana na hilo turubai!

Weye uliyeanzisha uzi, simama hapo hapo. Umesema umepata chumba Kongowea hapa Mombasa, unataka kushusha magunia 40 ya viazi wiki mbili kabla ya Ramadhani, uyapange hadi darini na kuyafunika kwa turubai la nailoni "visiingie hewa vikaharibika", mwezi ukiandama uanze kuuza. Halafu unauliza faida, lori na aina ya viazi. Faida tuiwache kwanza. Hapo kwenye turubai ndipo nilipozikwa mimi.

Mwaka juzi nilileta magunia 35 ya kilo 50, kila moja sh 2,800. Jumla 98,000, na nusu yake pesa za chama cha mke wangu. Mpaka leo nikiomba chai nakumbushwa.

Dalali mmoja, mdomo asali tupu, aliniambia: "Kiazi ni kama jiwe, babangu. Kifungie, jua lisikione wala upepo usikipige." La jua alisema kweli, maana kiazi kikipigwa na jua hugeuka kijani na kujaa sumu ya solanini. Kwa hiyo nikameza ukweli na uongo kwa tonge moja. Nikapanga magunia sakafuni, nikafunika, nikaziba dirisha kwa magunia matupu, nikatia kufuli. Nikaenda zangu nyumbani nikajiona tajiri.

Siku ya nne nikapenyeza mkono chini ya turubai. Mlikuwa na joto kama kwapa la mtoto mwenye homa, na nailoni kwa ndani inatona matone. Nikampigia dalali. Akasema, "Vimwagie maji vipoe." Nikavimwagia! Ndoo tatu, kwa mkono wangu huu. Mwacheni Mola amlipe, mimi nimeshindwa.

Sikiza sasa jambo ambalo yule bwana hakulijua na mimi nililikariri kidato cha pili nikalisahau baada ya mtihani. Kiazi kimeng'olewa lakini hakijafa. Kila seli yake inavunja wanga kuwa glukosi, na glukosi inaunguzwa polepole kwa oksijeni, kazi kubwa ikifanyika ndani ya vijumba vidogo sana viitwavyo mitokondria. Hapo ndipo kiazi kinapata nguvu za kuishi hadi kichipue. Sehemu kubwa ya nguvu hizo hutoka kama joto. Na kila gramu 180 za glukosi zikiisha kwa njia hiyo, hutumia gramu 192 za oksijeni na kutoa gramu 108 za maji na 264 za kabonidayoksaidi. Basi yale matone mengine ni jasho la ngozi ya kiazi, mengine kiazi kimeyatengeneza chenyewe. Na sukari inayoungua ndiyo ile ile unayotaka kumuuzia mteja kwa kilo.

Joto nalo linazaa joto. Kwa kadiri, nyuzi 10 zikipanda, kasi ya kuunguza sukari hukaribia maradufu. Huko Nyandarua kwenye baridi kiazi kinapumua taratibu. Kilete huku kwenye nyuzi 30, ukibane na wenzake chini ya nailoni, kitahema kama mbwa wa mchana.

Oksijeni ikishakwisha je? Kwa oksijeni, glukosi moja huipa seli ATP kama 30 hivi, na ATP ndiyo pesa taslimu ya seli. Bila oksijeni inapata 2 tu. Sawa na kuchinja ng'ombe ukala ulimi, mwili mzima ukatupa. Seli inabaki kutengeneza asidi na pombe, mwisho inakufa, na huanzia katikati ya kiazi kwa sababu hewa huko hufika mwisho. Maji yangu nayo yaliziba vitundu vya ngozi, hata kile kipumzi kidogo kilichobaki kikakatika, na bakteria wa kuozesha wakakaribishwa kwa heshima zote.

Nje vilikuwa vizuri, wallahi. Nikampelekea magunia mawili mama mmoja wa viazi karai Majengo. Akakata kimoja mbele yangu: katikati cheusi kama mkaa. Akakata cha pili. Cha tatu. Hakupiga kelele. Alivitia vyote mkononi mwangu akasema, "Haya mwanangu, kawapikie wanao."

Yakaenda magunia 22, yaani sh 61,600. Hata mbuzi wa mtaa walinusa wakageuka, na hao hula mpaka katoni. Nilipofungua chumba, harufu ya pombe chachu ilinipiga usoni, na kijana wangu wa kubeba akashikwa na kizunguzungu alipoinama, kwa kuwa ile kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Chumba kama hicho kifungue kwanza, usiingie mpaka kipigwe na hewa.

Sasa hivi naweka juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, dirisha la wavu wazi, nje yake gunia linaning'inia kuzuia jua. Giza ndiyo, lakini hewa ipite. Simwagi maji hata tone. Na sinunui zaidi ya viazi vya wiki moja, Ramadhani isiwe Ramadhani. Wewe unataka kuvilaza wiki mbili kabla hujauza hata kimoja!

Aina gani... Shangi huchipua haraka, hilo lijue. La lori watakujibu wengine. Mimi nataka kujua moja tu: hilo turubai umeshalilipia? Kama bado, usitoe hata shilingi. Kama tayari, mrudishie leo kabla hajafunga duka.