Shule aliyosoma Shakespeare bado ipo? Na ada alilipa nani?

SWALI: Shikamoo. Mi nipo fomu fo huku Mbagala. Tulikuwa darasani tunasoma habari za Shakespeare, mwalimu akasema huyu mtu hakufika chuo kikuu na baba yake alikuwa fundi wa kushona glavu. Sasa wenzangu wanabisha, wanasema mtoto wa fundi wa enzi hizo angepata wapi ada ya shule nzuri mpaka aandike vile? Na hiyo shule ipo mpaka leo au ilishakufa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wenzako wana haki ya kubisha, ila waambie hivi: ada haikuwepo. Ilikuwa shule ya mji, na mji ndo ulikuwa unalipa.

Mji wenyewe ni Stratford-upon-Avon, mji mdogo wa Uingereza kando ya mto Avon, na enzi hizo watu wake hawakuzidi elfu mbili hivi, yaani wote ungewatosheleza kwenye mtaa mmoja tu wa hapo kwenu Mbagala. Zamani sana kulikuwa na chama cha kidini cha wenyeji, wanachangishana, wanazikana, wanasaidia wazee, na hicho chama kilikuwa na mapadri waliofundisha watoto. Mwaka 1427 kikajenga nyumba maalum kwa ajili ya mwalimu na shule. Halafu mwaka 1482 padri mmoja anaitwa Thomas Jolyffe akatoa ardhi yake, kwa sharti kwamba kipato chake kimlipe padri wa kufundisha watoto bure. Yaani mtu anatoa mashamba ili watoto wa watu asiowajua wasome, mi hapo huwa naguswa kila nikikumbuka.

Mwaka 1547 serikali ya kifalme ikavifuta vyama vya namna hiyo nchi nzima na mali zao zikachukuliwa. Shule ingeweza kufa hapo hapo. Ila mwaka 1553 mfalme Edward wa Sita, kijana wa miaka 15 tu na tayari anaumwa hoi, akatoa hati ya kuupa mji halmashauri yake na kuurudishia sehemu kubwa ya zile mali, kwa sharti kwamba halmashauri iendeshe shule na kumlipa mwalimu pauni 20 kwa mwaka pamoja na nyumba ya kukaa. Hati ina tarehe 28 Juni, mfalme akafariki tarehe 6 Julai. Siku nane tu baadaye. Ndo maana mpaka leo shule inaitwa kwa jina lake, King Edward VI School.

Sasa huyo fundi wa glavu, John Shakespeare, alikuwa pia diwani, na mwaka 1568 akachaguliwa kuongoza hiyo halmashauri, tuseme kama meya. Darasa lilikuwa ghorofani, chini yake ndo ukumbi wa halmashauri, baba anaendesha vikao chini na juu yake watoto wanakariri Kilatini. Na ukumbi huo huo ndo walikuwa wanapigia maigizo waigizaji wa kusafiri wakifika mjini! William alikuwa na miaka kama mitano hivi baba yake alipowaruhusu na kuwalipa wa kwanza kwanza.

Orodha ya wanafunzi wa miaka ile haijabaki, kwahiyo hakuna karatasi yenye jina lake. Ila mwaka 1709 Nicholas Rowe, aliyeandika maisha yake, alisema baba alimpeleka shule ya bure kwa muda kisha akamtoa kwa sababu hali ilikuwa ngumu, na kweli kumbukumbu za mji zinaonyesha kwamba kuanzia 1577 hivi John aliacha kuhudhuria vikao na madeni yalimbana. Na ukisoma tamthilia zake unaiona shule yenyewe, kuna moja mtoto anaitwa William, mwalimu anambana maswali ya sarufi ya Kilatini mbele ya mama yake.

Walichokuwa wanasoma ni Kilatini, Kilatini, Kilatini, kuanzia alfajiri mpaka jioni, na shule nyingi za aina ile zilikataza wanafunzi wakubwa kuongea Kiingereza darasani. Wewe uliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili shuleni utaelewa vizuri, Kiingereza nacho kilikuwa lugha ya nyumbani isiyotakiwa darasani, na aliyekuja kukipa heshima duniani ni mtoto aliyelelewa kwenye utaratibu huo.

Shule ipo, ni ya serikali, watoto hawalipi ada ila wanafanya mtihani wa kuingia wakiwa na miaka 11 hivi. Tangu 2016 wageni wanaruhusiwa kulitembelea lile darasa la zamani.

SWALI: Na mabinti je, walisoma hapo? (Mama wa watoto watatu, Sinza)

JIBU: Hapana dada yangu, ilikuwa ya wavulana tu. Wasichana wameanza kupokelewa kidato cha tano na sita mwaka 2013. Shakespeare alipopata pesa alinunua nyumba kubwa mwaka 1597 pale pale mjini, ilikuwa inatazamana na kanisa la kile chama cha zamani na shule ipo ubavuni mwa kanisa, zilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwake. Binti yake Judith mwaka 1611 alitakiwa kusaini hati kama shahidi. Aliweka alama tu, hakuandika jina.