Swali la lugha: saa ya Dalí ni alama au ishara?

Swali: Nafundisha sanaa Moshi. Niliwaonyesha wanafunzi picha ya mchoraji Salvador Dalí yenye saa zilizoyeyuka. Mmoja kaandika "saa ni alama ya muda", mwingine "ni ishara ya muda". Lipi sahihi? Na ile hali inayoitawala picha, wao wanaiita "mudi". Nikubali?

Jibu: Mwalimu, chukua ishara. Alama huwekwa ili kitu kitambulike: alama za barabarani, alama ya chale. Ishara huelekeza kwenye jambo lisiloonekana bado. Wingu zito likifunika kilele cha Kibo, hakuna hapo Moshi anayeliita alama ya mvua.

Linalonisumbua zaidi ni hilo "ni". Jani la isale ni ishara ya kuomba msamaha. Mchagga akiletewa anajua ameombwa nini, na jirani yake anajua pia. Jamii imekubaliana. Wasurealisti, kundi la wasanii ambalo Dalí alikuwamo, tangu tamko la mwandishi André Breton la 1924, walichota kwenye ndoto, na ndoto haikukubaliana na mtu. Katika picha hiyo ya 1931, sisimizi wamejazana juu ya saa pekee ambayo haijalegea. Kwa Dalí, sisimizi walihusu uozo. Mwanafunzi wako huenda akaona bidii. Basi aandike inaashiria au inadokeza, kisha ataje anachokiona. "Ni" humaliza mjadala. "Inadokeza" humdai mwandishi ushahidi.

Mudi ni neno la mazungumzo, na mwenye nayo ni mtu: "leo sina mudi". Kwa picha sema hali, lakini uipe jina, kwa kuwa neno hilo peke yake halisemi kitu. Hii ningeiita hali ya ukiwa. Upweke unaweza kukupata hata stendi, katikati ya watu. Hali ya ukiwa inataka na mahali palipoachwa, na pale pana ufuko mtupu, mti mkavu na majabali ya mbali.

Tazama na vitenzi vyao. Wengi huandika "saa zinayeyuka". Hakuna kinachodondoka mle: saa zimeyeyuka, moja imening'inia tawini, nyingine imelalia ukingo. -Me- husema jambo limekwisha kutokea, matokeo ndiyo yaliyobaki, na utulivu huo ndio unaoleta ukiwa. Anayeandika -na- ameingiza mwendo ambao mchoraji hakuuweka.