Taa kwanza, modeli baadaye: kwa vijana wapya wa meza ya Lego

Jamani wadogo zangu, nimeona tena kamera yetu ya kuchambua vipande vya Lego, ile inayotazama mkanda ili modeli (programu ya kompyuta) itambue kila kipande, imewekwa karibu na dirisha, nikiuliza naambiwa ati mwanga wa Malindi ni mwingi. Nawapenda ndio maana nawaandikia, lakini hili tushalisema.

1. Osheni kwanza, maji yasipite digrii 40, anikeni kivulini. Mchanga hukwamisha mkanda.

2. Pangeni kwa umbo kabla ya rangi. Kwenye beseni la 3023 (namba ya kibapa chembamba cha nundu mbili) za kila rangi jicho linaokota nyekundu papo hapo, lakini beseni la vyeupe vitupu vya kila umbo utachakura mpaka adhuhuri.

3. Kamera ya juu peke yake haitoshi. 3001 (tofali) na 3020 (kibapa) ukiziangalia kwa juu ni kitu kimoja, nundu nane kila moja, ila moja ina kimo cha milimita 9.6 na nyengine 3.2. Wekeni ya ubavuni.

4. Rangi, na hapa mnisikize. Kijivu cha Lego kilibadilishwa miaka ya 2004 hivi, cha kale kina umanjano kidogo, cha sasa kimeelekea buluu, na kwenye BrickLink, soko la mtandaoni la vipande vya Lego, hizo ni rangi mbili mbali. Tulipata mzigo kwa familia ya Kiitaliano iliyokuwa ikihama, kijivu tele, na meza ilikuwa dirishani. Asubuhi modeli inasoma vizuri, jua likipanda kamera inajirekebisha rangi yenyewe, ikifika alasiri mwanga umegeuka na vijivu vipya vinaingia droo ya vya kale, na kwenye skrini uhakika wa modeli uko juu vilevile kwa hivyo hakuna aliyeshtuka. Tukauza. Mnunuzi alikuwa anakarabati ngome ya zamani na mwanawe, akatutumia picha, ukuta mzima mabaka mabaka. Pesa tulirudisha, lakini ile picha iliniuma kuliko pesa, maana wale walitusubiri. Ikabidi tumwage madroo yote ya kijivu na kulinganisha kimoja kimoja na kipande tunachokijua, mpaka macho yanawasha.

Basi: boksi lililofunikwa, taa zake ndani, kamera izimwe kujirekebisha, na kila asubuhi kabla ya kazi pitisheni kijivu kimoja cha kale na kimoja cha sasa, vikisomwa vibaya mkanda hauwashwi. Hata uwe na haraka vipi.

5. Picha za LDraw (programu ya kuchora vipande vya Lego kwa kompyuta) ni nzuri za kuanzia kufunza modeli, lakini hazina mikwaruzo wala weupe uliopigwa na jua ukawa manjano, changanyeni na picha za mezani kwetu.

6. Feki: tafuta jina la LEGO juu ya nundu, feki haina.

7. Stima ikipotea katikati ya mzigo, msiendelee pale mkanda uliposimama. Kipande kilichokuwa mbele ya kamera kirudi mwanzo kisomwe upya.