Lori la mtumba la kubebea magari: lipi nichukue?

Swali: Fundi, shikamoo. Nataka kuanza biashara ya kusafirisha magari, yale yanayoharibikia njiani na yale yanayonunuliwa mbali na alipo mnunuzi. Mtaji wangu unatosha lori moja la mtumba. Nimepata mawili, yote ya kilo 7,500 kwenye kadi. La kwanza injini imefanyiwa ovahoo juzi tu, ila lina bodi ya mbao ya kawaida, kwa hiyo itabidi niunde upya. La pili limechoka kidogo, lakini lina bodi ya kuteleza, ile inayorudi nyuma na kuinama ili gari lipande, na winchi yake ya kulivutia. Nichukue lipi, na nikague nini?

Jibu: Marahaba. Mimi ningeenda na la pili, mradi lipite vipimo nitakavyokupa. Ovahoo inavutia, najua, lakini injini ni kitu kinachotengenezeka. Uwezo wa kubeba ukiwa mdogo, hakuna gereji itakayokuongezea, kwa kuwa umefungwa na chesisi, ekseli na breki alizoweka mtengenezaji.

Hizo kilo 7,500 ni uzito wa lori pamoja na kila kilichomo na kilicho juu yake. Sasa piga hesabu. Bodi ya chuma ya kuteleza, jeki zake, pampu na winchi ni vitu vizito. Tuseme lori tupu linasoma kilo 5,000. Zinabaki 2,500. Toa dereva na utingo, 150. Toa lita 100 za dizeli, kama kilo 84. Toa minyororo, mikanda na spea, tuseme 100. Umebakiwa na kilo 2,166. Saluni ya kilo 1,300 utaibeba bila wasiwasi, lakini Land Cruiser 200, ambayo inapita kilo 2,500, tayari inakuzidi, hata kama imeenea vizuri juu ya bodi. Magari ya umeme nayo usiyapime kwa macho: betri peke yake huwa na mamia ya kilo.

Kwa hiyo kabla hamjaongea bei, mwombe muuzaji mwende mizani. Pimeni lori zima, kisha ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Akikuambia "hili linabeba tani nne, nimelitumia miaka yote", msikilize kwa heshima, halafu usome kibao cha mtengenezaji. Akikataa mizani kabisa, achana na lori hilo.

Kwa nini ekseli mojamoja? Kwa sababu gari juu ya bodi halikai katikati. Tuseme umbali kati ya ekseli ni mita 3.8, na uzito wa gari la kilo 2,000 umeangukia sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma itabeba kilo 2,316, na ya mbele itapunguziwa 316. Usukani utakuwa mwepesi, na breki za mbele hazitashika barabara inavyotakiwa, hasa kwenye mvua. Hapa ndipo lori la kwanza linaponitia hofu zaidi: mtu akilifunga bodi ndefu juu ya chesisi fupi, ekseli ya nyuma inaweza kuzidiwa huku mizani ya lori zima ikisema uko salama. Pikapu ya milango minne ina urefu wa kama mita 5.3, basi bodi isipungue mita 5.5, na chesisi iendane nayo.

Ukiwa chini ya lori la pili, beba tochi na brashi ya waya. Pitisha brashi kwenye chesisi nyuma ya kabini na juu ya springi za nyuma. Unatafuta mshono wa kuchomelea usiokuwa wa kiwandani, rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu, na nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya bolti. Chesisi iliyokatwa na kurefushwa bila karatasi za mhandisi, mimi sinunui kwa bei yoyote.

Bodi ijaribiwe ikiwa na gari juu yake, kwa sababu ikiwa tupu itakudanganya. Inua hadi katikati, zima injini, piga alama ya chaki mahali jeki inapoingia, subiri dakika kumi. Kama alama imehama, sili za jeki au valvu zinavujisha. Kisha vuta waya wote wa winchi hadi mwisho. Nyuzi zilizokatika au waya uliopindika kama fundo maana yake ni waya mpya, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei.

Injini haina mengi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa ujue ni baridi kweli. Ikishawaka, fungua mfuniko wa oili: moshi ukipuliza kwa nguvu, ringi zimekwisha. Lipande mlima ukiwa na mzigo, usikilize difu na klachi. Kwenye ubavu wa tairi soma tarakimu nne za mwisho za maandishi yanayoanza na DOT. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye nyufa ubavuni halifai hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado ni ndefu.

Namba ya chesisi ilingane na kadi herufi kwa herufi, na kadi ionyeshe aina ya bodi iliyopo sasa. Bima pia iwe inayolipia gari la mteja likiwa juu ya lori lako. Bima ya kawaida ya lori mara nyingi haimgusi mteja.

Ukishatoka mizani, niandikie uzito wa ekseli zote mbili, umbali kati yake na urefu wa bodi. Nitakupigia hesabu ya gari zito kuliko yote unaloweza kulikubali, na mahali pa kulisimamisha juu ya bodi.