Injini inalia, gari haiendi: majibu ya fundi wiki hii

Wiki hii swali ni moja tu kwa sura tofauti tofauti, gari inareva lakini haisongi. Kabla nijibu yeyote, angalia mishale miwili kwa dashibodi, ule wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) na ule wa spidi. RPM ikiruka juu na spidi ibaki pale pale, injini iko na nguvu, ni vile nguvu inapotelea njiani kabla ifike kwa tairi. Mishale yote miwili ikigoma kupanda, hiyo sasa ni injini, ni kesi ingine.

*Fundi, niko na Probox ya gia za mkono, natoa mzigo Nakuru napeleka Molo. Kwa tambarare iko sawa lakini nikianza kupanda Sachangwan inalia tu na spidi inashuka. Naambiwa ninunue injini. (Dereva, Salgaa)*

Injini? Aki ndugu yangu usitoe hata shilingi. Injini iliyochoka hailii hivyo, inakosa pumzi na kunyamaza. Hiyo yako ni klachi inateleza, ile inayounganisha injini na giaboksi, na mlima ndio unaifichua kwa sababu kwa tambarare haisumbuliwi sana. Jipime hivi: tafuta mahali sawa pasipo na mtu mbele, vuta handibreki mpaka mwisho, weka gia ya tatu, halafu injini ikiwa inanguruma polepole achilia klachi taratibu. Ikizima papo hapo, klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma kama hakuna kitu kimefanyika, klachi imekwisha. Fanya mara moja tu, ukirudiarudia utaimalizia hapo hapo. Na ukishapanda ule mlima shuka unuse chini ya boneti, klachi iliyoungua inanuka vibaya karibu kama breki zilizoshika moto, hiyo harufu ukiijua hauisahau.

Kabla mtu afungue giaboksi, bonyeza pedali ya klachi na mkono. Inafaa ilegee kidogo kwanza ndo ianze kuwa ngumu. Kama ni ngumu toka juu kabisa, inawezekana klachi haishiki yote hata ukiachilia pedali, na ni ya kurekebisha tu, hapo unalipa fundi pesa ya chai. Ikibidi kufunguliwa, badilisha pleti, presha pleti na beringi zote pamoja, na uangalie ile sili ya nyuma ya injini, ikivuja mafuta juu ya pleti mpya utarudi kwangu baada ya wiki mbili ukilia. Halafu acha kupumzisha mguu kwa klachi ukiwa kwa jam, wengi wenu mnafanya hivyo nawaona.

*Mimi ni mwalimu, Kisumu. Nissan Note yangu ilibadilishwa mafuta ya giaboksi, sasa toka Mamboleo kupanda Kiboswa RPM inafika elfu nne na gari inatambaa.*

Mwalimu, uliza waliweka mafuta gani. Kama ni yale mekundu ya otomatiki ya kawaida, shida ndo hiyo. Note za otomatiki nyingi hapa ni CVT, hazina gia, ziko na mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili, na mafuta yake ndo yanafanya chuma kishike chuma bila kulana. Yanaandikwa NS-2 ama NS-3 kulingana na gari, soma kitabu chake, usisome uso wa mwenye duka. Ukiendelea kuendesha hivyo mkanda unachuna puli na hapo hakuna mafuta yatakuokoa. Yatolewe yote sai, hata kama ni kuivuta mpaka gereji. Nikwambie pia kitu, CVT nzuri ikipanda mlima hulia juu na kukaa hapo, ni tabia yake. Ubaya ni ikilia na haisukumi, ama RPM ikiruka na kushuka yenyewe.

*Toyota 110 otomatiki, asubuhi nikiweka D inakaa kidogo ndo ishike, kisha inareva bure. (Mama wa duka, Kakamega)*

Mama, pengine mafuta ya giaboksi yamepungua. Endesha ipate moto, simamisha mahali tambarare, pitisha gia zote polepole ukikanyaga breki, rudisha P, injini ikiwa bado inawaka ndo uchomoe kijiti upanguse upime tena. Upande wa HOT ndo unasoma. Tia tone kwa tishu nyeupe: mekundu ni sawa, kahawia yenye harufu ya kuungua ni pleti za ndani zinaisha, na yakikaa kama maziwa ya strawberi maji ya rejeta yameingia, usiiwashe tena. Kama yamepungua tu, ongeza lakini utafute pale yanavujia, giaboksi hainywi mafuta.

*Pikipiki yangu ya Boxer nimeiwekea oili ya gari, bei ilikuwa nzuri. Sasa nikibeba wawili inalia tu. (Busia)*

Kijana, klachi ya pikipiki yako inaogelea kwa oili ile ile ya injini. Oili nyingi za gari siku hizi zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi nayo inaishi kwa msuguano. Mwaga, weka iliyoandikwa JASO MA, hiyo ni alama ya oili ya klachi kama hiyo, uone kama itashika. Na ubebe mmoja.

*Nakuru kwenda Eldoret, kufika Timboroa gari inakuwa nzito, RPM pia haipandi.*

Hapo uko zaidi ya mita 2,700 juu, hewa ni nyepesi na gari bila tabo, ile ya kusukumia injini hewa, lazima ichoke kidogo. Kama hata Nakuru mjini haipandi, anza na filta ya hewa na ya petroli.

*Nilisikia paa! nikitoka kwa shimo, sasa mbele haiendi, nyuma haiendi, na mshale wa spidi unasoma 40 nikiwa nimesimama!*

Shafti moja ya kuzungusha tairi imekatika ama imechomoka, difu inayogawia tairi mbili nguvu inazungusha upande usio na kazi. Giaboksi haina makosa. Weka jiwe kwa tairi kabla uingie chini, kwa sababu shafti ikienda hivyo hata P haishiki gari.