Mauser ya 71 au ya 98? Kutambua bunduki ya askari wa Schutztruppe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandaa maonyesho kuhusu Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Maandishi mengi yanasema askari walibeba "Mauser" tu. Nina picha kadhaa za zamani, na kuna bunduki moja kuukuu kwenye stoo ya makumbusho. Nitajuaje kama ni ile ya moshi au ile ya kisasa? Na tofauti hiyo ilikuwa na uzito gani vitani?

JIBU: Marahaba. Mauser ni jina la ukoo mzima wa bunduki, kwa hiyo lebo inayosema "Mauser" peke yake haimwambii mtazamaji kitu. Vita vilipoanza Agosti 1914, kombania nyingi za Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Wajerumani, zilikuwa bado na muundo wa 1871, ndiyo "71": kipenyo cha milimita 11, risasi moja kwa kila upakiaji, baruti nyeusi. Gewehr 98, yaani bunduki ya muundo wa 1898, inatumia risasi ya 7.92 × 57, ina magazini ya risasi tano, na baruti yake haitoi moshi mzito.

Kwenye picha, anza na sehemu ya juu ya kasiba. Ya 71 iko wazi, chuma kitupu hadi mdomoni. Ya 98 ina kipande cha ubao mbele ya kilengeo cha nyuma, cha kuzuia mkono usiungue. Kisha tazama mkono wa komeo (chuma kinachovutwa nyuma wakati wa kupakia) likiwa limefungwa. Kwenye 71 mkono unakaa mbele ya daraja la chuma la nyuma (kipande kinachovuka juu ya komeo), na shina lake ndilo linalozuia komeo lisirudi. Kwenye 98 mkono uko nyuma ya daraja, kwa sababu kazi ya kuzuia inafanywa na meno mawili yaliyo mbele kabisa. Usitegemee magazini: ya 98 imefichwa ndani ya ubao, na kwa ubavu bunduki zote mbili huonekana laini chini. Kibawa cha usalama (kizuizi cha kufyatua) nyuma ya komeo kinafanana mno, nacho kimewapotosha wengi.

Kwa bunduki iliyo stoo, usiguse kifyatulio wala komeo kwanza. Uelekeze mdomo upande usio na mtu, ukae pembeni yake, kisha jaribu kuingiza kijiti cha mbao chenye kipenyo cha milimita 10. Kikiingia, una kasiba ya 11. Kikigoma, ni 98 au nyingine ya kipenyo kidogo, na hapo tumia kijiti cha milimita 6. Kishushe taratibu hadi kikwame, weka alama mdomoni, kitoe ukilaze sambamba na kasiba kwa nje. Ncha yake inapaswa kufika kwenye uso wa komeo. Ikiishia sentimita saba au nane kabla, huenda kuna risasi ndani. Acha hapo hapo, funga mlango wa stoo, ita polisi. Na tafadhali usisugue kutu kwa steelwuli, maandishi ya "Mod. 71" au "Gew. 98" ubavuni hufutika, na hayarudi.

Kuhusu uzito wake vitani, baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu yake hubaki kama chembe ngumu; huo ndio moshi mweupe. Porini adui hakuhitaji kumwona askari, alipiga palipotoka wingu. Risasi yenyewe ilikuwa ya gramu 25 hivi, mwendo wa kama mita 430 kwa sekunde. Ya 98 ilikuwa gramu 10, karibu mita 880. Ile nzito inashuka haraka, hivyo ukikosea umbali kidogo tu unakosa shabaha. Zaidi ya hapo, 71 haina kitu cha kurusha ganda nje: askari alivuta komeo, akaiinamisha bunduki ganda lidondoke, ndipo akapakia tena.

Ndiyo maana silaha zilizotekwa kwa Waingereza kwenye mapigano ya Tanga, Novemba 1914, zilikuwa na thamani kubwa. Lakini risasi za Kiingereza za .303 hazitumiki katika 71 wala 98, kwa hiyo zilifaa tu pamoja na bunduki zake. Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens ilileta bunduki na risasi za kisasa hadi ghuba ya Manza, karibu na Tanga, ikashambuliwa na kuzama. Risasi zilizoopolewa zililazimika kufunguliwa na baruti kukaushwa, na bado baadhi zilikataa kulipuka.

Basi angalia pia tarehe ya picha. Baada ya mapigano ya Negomano katika koloni la Wareno (leo Msumbiji), Novemba 1917, askari wengi walishika bunduki za Wareno. Hapo kuna mtego: Mauser-Vergueiro ya Kireno nayo ina mkono wa komeo mbele ya daraja, kama 71. Ubao juu ya kasiba ndio utakaokuamulia. Na waliposalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki 1,071 zilizohesabiwa zilikuwa za Kiingereza na Kireno.